Bibi Alikuwa Mzima, Aliyezidiwa ni Mjomba

Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2024, katikati ya mapumziko ya Labor Day ambayo Wamarekani huyatumia kuaga kiangazi, familia moja ya Kitanzania inayoishi Aurora, ubavuni mwa Denver, ilipakia gari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Walikuwa saba: baba, ambaye ndiye dereva, mama, watoto watatu, bibi mzaa mama aliyekuja kuwatembelea kutoka Marangu, na mjomba, mdogo wake mama, aliyetua kwa ndege kutoka Houston usiku wa Jumamosi. Bibi amevuka miaka sitini na mitano na anatumia dawa ya presha. Mjomba ana thelathini na kidogo, na kila wikiendi yuko uwanjani anacheza mpira. Kabla ya safari nyumba nzima ilikuwa ikimjadili bibi. Atapumua vizuri huko juu? Avae nini? Akizidiwa tutafanyaje? Siku ilipofika, bibi alikunywa chai yake kileleni bila tatizo, na aliyezidiwa alikuwa mjomba.

Mama ndiye aliyenisimulia, baadaye baba akanipa upande wake, na kuna mahali hawakubaliani mpaka leo. Hakuna aliyelazwa wala kuumia, kwa hiyo mambo kama haya hayaandikwi popote, ingawa yanawapata watu kila mwisho wa kiangazi. Nikiyapanga masaa yao moja baada ya jingine naona kosa moja lililozaa mengine: ratiba ya siku ile ilifuata geti. Mlima haukuulizwa.

Geti lenyewe linahitaji maelezo. Hifadhi hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, ilianzishwa mwaka 1915, na iko karibu na jiji kubwa kiasi kwamba watu waliifurika. Tangu 2020, msimu wa joto huwezi kufika na gari saa yoyote ukaingia. Unahitaji kibali cha muda, kinachonunuliwa mtandaoni kwa dola 2, mbali na kiingilio cha kawaida. Viko vya aina mbili: kimoja kinakuruhusu mpaka barabara ya ziwa la Bear Lake, kingine kinakuruhusu kwenda kwingine kote isipokuwa huko. Vibali vya Septemba hutolewa tarehe 1 Agosti asubuhi, na vya mapumziko ya Labor Day huwa havikai. Sehemu nyingine hubakizwa, ikaachiwa saa moja jioni ya siku moja kabla. Familia hii ilikumbuka Agosti ikiwa ukingoni. Basi Jumamosi jioni baba na binti yake mkubwa wakakaa na simu mbili mkononi, na saa moja ilipogonga wakapata kibali cha aina ya pili, cha kuingia kati ya saa sita na saa nane mchana. Nyumba ikashangilia.

Shangwe ile ndiyo iliyoificha hesabu. Kibali cha aina ya pili kinahitajika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana tu. Anayepita getini kabla ya saa tatu haulizwi kibali, analipa kiingilio chake na kuendelea. Kutoka Aurora mpaka mji wa Estes Park, mlangoni mwa hifadhi, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kukiwa hakuna foleni. Wangeondoka saa kumi na mbili asubuhi wangekuwa wanapanda mlima saa mbili, wakiwa hawajanunua kibali chochote, na barabara nyeupe mbele yao. Mama anasema alilitaja hilo. Baba anasema alilisikia, lakini kibali kilikuwa kimeshapatikana, shemeji alikuwa ameingia nyumbani karibu saa sita usiku, na pilau lilikuwa halijapikwa. Namwelewa. Kitu kilichopatikana kwa kupigania ni vigumu kukitupa asubuhi yake, hata kama hukihitaji.

Jambo moja walilifanya vizuri sana, nalitaja kwa sababu wazazi wengi wa huku hawalijui. Mtoto wao wa pili alikuwa ameanza darasa la nne mwezi huo wa Agosti. Serikali ya Marekani humpa kila mtoto wa darasa la nne pasi ya kuingia bure hifadhi za taifa, yeye na wote walio kwenye gari la familia, na pasi hiyo huanza tarehe 1 Septemba mpaka tarehe 31 Agosti ya mwaka unaofuata. Wangeenda Jumamosi wangelipa dola 30 za gari. Walikwenda Jumapili, pasi ikiwa na saa chache tangu kuzaliwa, na mama alikuwa ameichapa kwenye karatasi, kwa kuwa mwaka ule ya kuonyesha kwenye simu ilikuwa haikubaliki. Pasi haiondoi haja ya kibali cha muda, lakini dola 30 ni dola 30.

Basi wakaondoka saa tatu na nusu. Foleni ya Boulder, foleni ya Lyons, foleni ya mafuta Estes Park, maana ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Getini wakapita saa sita na nusu. Wakapanda mpaka Hidden Valley, bonde lililokuwa uwanja wa kuteleza kwenye theluji hadi mwaka 1991, ambako sasa kuna meza na vyoo. Hotpoti ikafunguliwa, pilau na kachumbari, watoto wakakimbiakimbia. Walipoondoka hapo saa nane ilikuwa imeshapita.

Kuanzia hapo barabara iitwayo Trail Ridge ndiyo kisa chenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1932, ina lami kutoka mwanzo hadi mwisho, na inapanda hadi mita 3,713 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya kilomita 17 za barabara hiyo ziko juu ya mwisho wa miti, kwenye uwanda wa majani mafupi na mawe ambako upepo haukutani na kizuizi. Hakuna jasho wala fimbo ya kutembelea, na hakuna mpagazi wa kukuambia pole pole. Unakaa kwenye kiti, muziki unalia, watoto wanagombania dirisha, na baada ya dakika arobaini uko juu. Dalili ya kwanza waliyoiona ilikuwa pakiti za krispi zilizovimba zikawa ngumu, na mtoto wa darasa la nne akauliza nani amezipuliza. Hakuna aliyezipuliza. Hewa ya nje ilikuwa imepungua, ya ndani ya pakiti ikabaki ileile ya kiwandani. Kwenye mwinuko ule kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya pwani, na oksijeni unayoivuta inapungua kwa kiasi hichohicho.

Bibi ndiye aliyekuwa na kipimo sahihi kichwani. Marehemu mume wake alikuwa mpagazi Kilimanjaro, na yeye mwenyewe amekaa miaka yote kwenye njia wanayopita wageni. Alipouliza wako mita ngapi na mkwewe akamtajia, akasema hapo ni Horombo. Kibanda cha Horombo kipo mita 3,720, tofauti na kilele cha barabara hii ni mita saba tu. Anayepanda kwa njia ya Marangu huanzia getini, kwenye mita kama 1,860, analala Mandara kwenye 2,720, na ni siku ya pili ndipo anafika Horombo, tena kwa miguu, na wengi huongeza siku nzima ya kukaa hapo kabla ya kuendelea. "Wewe baba," akamwambia mwanawe aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, "kwetu wageni hulala Mandara kwanza. Hapa tumeruka." Mjomba akacheka. Kwa maelezo ya baba jibu lake halikwenda kwa mama yake, lilikuja kwake yeye: "Shemeji, mimi nimezaliwa Marangu. Mlima huu utanifanya nini?"

Kumbe mlima ulikuwa umeshaanza. Asubuhi ile ya Aurora mjomba aliamka na kichwa kizito, akadhani ni usingizi wa ndege, akanywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu na hakumwambia mtu. Houston iko karibu usawa wa bahari. Aurora iko zaidi ya mita 1,600. Usiku wake wa kwanza tu ulikuwa mzigo kwa mwili wake, na kabla hajaumaliza akapandishwa mita 2,000 nyingine.

Walifika kituo cha wageni cha Alpine, mita 3,595, karibu saa tisa. Baba, mama na bibi wakaingia mkahawani na mtoto mdogo. Mjomba na binti mkubwa wakaiona njia fupi ya ngazi inayopanda kilima kilicho nyuma ya jengo, kama mita sitini kwenda juu, wakashindana. Binti anasema mjomba alishinda kwa mbali. Walipofika juu wakasikia ngurumo, wakateremka mbio pamoja na watu wengine wote, na mvua ya mawe ikawakuta mlangoni. Mjomba akaketi sakafuni akihema, kichwa kinapasuka, anaona kizunguzungu, na uso umepoteza rangi.

Ngurumo ya saa tisa haikuwa bahati mbaya. Kwenye milima hii wakati wa kiangazi jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujijenga kuanzia saa tano au sita, na mchana radi hupiga. Ndiyo maana ushauri wa hifadhi ni kuwa umeshashuka chini ya mwisho wa miti ifikapo adhuhuri. Julai 2014 radi iliua watu wawili hapa kwa siku mbili mfululizo: mmoja alikuwa kwenye njia ya miguu, mwingine kwenye kituo cha kutazamia mandhari ambapo watu huegesha magari. Kibali cha saa sita kikiongezewa foleni na pilau kinakufikisha kileleni saa ileile ambayo wenyeji wanateremka. Baba alidhani amenunua ruhusa ya kuingia, na kwa kweli aliipata, lakini aliilipia kwa asubuhi yake.

Sasa, mjomba aliumwa nini? Mwenyewe anasisitiza ni pilau. Nalikataa mapema: watu saba wamekula chungu kimoja na tumbo lililolalamika ni moja. Kona za barabara nazo zina hoja yenye uzito, kwani alikaa kiti cha nyuma kabisa, na kona humchafua mtu. Lakini kichefuchefu cha gari hakianzi kitandani saa kumi na mbili asubuhi, na kichwa chake kilianza hapo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huja saa kadhaa baada ya kupanda, na ndiyo sababu wengi huulaumu mlo wa jioni. Kuhema baada ya zile ngazi ni jambo jingine, kunampata yeyote anayekimbia kwenye hewa nyepesi na kunapita akikaa. Kwa mjomba viwili hivi vilikutana: kichwa cha tangu asubuhi kilichozidi kadiri walivyopanda, na pumzi za mashindano na mpwa wake.

Mama ni msaidizi wa muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na hapo kazi yake ilimsaidia. Alikuwa amebeba mkobani kipima oksijeni cha kidoleni. Alikibeba kwa ajili ya bibi, na tangu asubuhi kidole cha bibi kilikuwa kimepimwa mara kadhaa huku cha mjomba kikiwa hakijaguswa. Zaidi ya kupima, alimngoja pumzi zitulie, kisha akamwambia asimame atembee mstari mmoja ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akatembea bila kuyumba. Akamuuliza maswali mawili matatu, akajibu sawasawa. Hakuwa akikohoa. Ningetaka kila familia iyajue hayo kabla haijajua bei ya kibali. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni onyo la kuacha kupanda. Mtu akianza kuyumba, akichanganyikiwa, au akihema hali ameketi, hiyo ni dharura: anateremshwa papo hapo na msaada unaitwa, na kwa sehemu kubwa ya hifadhi simu haishiki, kwa hiyo unawaendea askari wa hifadhi waliopo kituoni.

Mabishano ya baba na mama ni juu ya dakika zilizofuata. Mama alitaka washuke mara moja. Baba alikataa kuondoa gari mpaka mawe yaishe, wakakaa kama dakika arobaini. Kuhusu radi, ndani ya gari la bati lililofungwa vioo walikuwa salama, hivyo radi peke yake isingemzuia. Lakini barabara ile sehemu nyingi haina kingo za chuma, upande mmoja ni korongo, na mvua ya mawe kwenye lami ni utelezi mtupu. Kwa hali ambayo mjomba alikuwa nayo, naona baba alikuwa sahihi kungoja. Angekuwa anayumba, nisingesema hivyo.

Na wangeteremkia wapi? Kurudi mashariki walikotoka maana yake ni kupanda kwanza, kwa sababu kituo cha Alpine kiko chini ya kilele cha barabara, halafu kilomita nyingi za uwanda ulio wazi kabla ya kuifikia miti. Kwenda magharibi, kuelekea mji wa Grand Lake, gari linaanza kuteremka palepale: kipito cha mlimani cha Milner Pass ni mita 3,279, na muda si mrefu uko bondeni kwenye mita kama 2,700. Mgonjwa wa hatari ningempeleka magharibi bila kufikiri mara mbili. Ila nyumbani ni mashariki, na ukishafika Grand Lake njia ya kurudi Denver ni ama barabara ileile ya juu, ama kuzunguka kupitia Berthoud Pass yenye mita zaidi ya 3,400, jioni ya mapumziko, magari yakiwa yamebanana. Aliyeenda magharibi atapanda tena tu. Kwa kichwa kinachouma na miguu isiyoyumba, kuvumilia nusu saa ya juu na kuelekea nyumbani moja kwa moja ulikuwa uamuzi wa busara. Baba hakuufikia kwa hesabu hii, anakiri kwamba aliijua barabara moja tu. Alitumia gia ndogo kwenye miteremko, hakukanyaga breki mfululizo, na mjomba akahamishiwa kiti cha mbele.

Alitapika Estes Park. Kufika Aurora alikuwa amelala, na Jumatatu asubuhi alikula uji na kuomba chapati. Kuteremka kulimtibu.

Kuhusu bibi, hakukuwa na muujiza. Amekaa karibu maisha yake yote kwenye miteremko ya Marangu, na hata angetoka Tanga, alikuwa ameshalala Aurora wiki nne. Damu yake ilishajirekebisha kwa mwinuko ule, hivyo ngazi aliyobakiwa nayo kuipanda siku ile ilikuwa fupi kuliko ya mwanawe. Alitembea polepole, alikunywa maji, na kabla ya safari mama alikuwa ameshamuuliza daktari kuhusu dawa ya presha. Mjomba alikuwa na ujana, misuli na hati ya kuzaliwa ya Marangu, na vyote vitatu havina kazi hapo. Uzoefu wa mwili na mwinuko hupotea ndani ya wiki chache ukishuka, sasa miaka minane ya Houston imebakiza nini? Kuwa na nguvu kunaweza hata kukuponza, kwa kuwa ndiko kunakokufanya ushindane na mtoto kwenye ngazi. Swali la kumuuliza kila abiria kabla ya kuwasha gari lilikuwa amelala wapi siku mbili tatu zilizopita.

Mama aliniomba niwape mpango wa safari ya pili, maana pasi ya mtoto ilikuwa bado inafanya kazi na kulikuwa na theluji ya pembeni mwa barabara waliyotaka kumwonyesha mdogo wao. Barabara ya juu hufungwa na theluji kuanzia Oktoba hivi na hufunguliwa mwishoni mwa Mei, kwa hiyo lengo liwe Juni. Mjomba aje Jumatano, alale Aurora siku tatu na asinywe pombe hizo siku. Pilau lipikwe usiku. Gari litoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, lipite getini saa moja na kitu, lifike Alpine kabla ya saa nne. Na kwa kuwa kituo chenyewe huchelewa kufunguliwa, chai ibebwe kwenye chupa. Saa tano wawe wanateremka, na pilau liliwe Hidden Valley wakati wenzao wa kibali cha saa sita wanapanda. Mchana wapumzike Estes Park. Kipima oksijeni kianze na kidole cha mjomba.